Karata Zisizo na Cheo

Pakiti ya karata ina karata 52, na ukiongeza jokeri mbili zinakuwa 54. Katika mchezo ambao Wakenya huuita kadi, na wengine poka ingawa poka ya Marekani ni mchezo mwingine kabisa, 30 kati ya hizo haziwezi kukumalizia mchezo. Utazitupa katikati ya safari, utamtesa nazo jirani yako upendavyo, lakini karata yako ya mwisho haiwezi kuwa mojawapo. Zinazobaki ni 24: yaani 4, 5, 6, 7, 9 na 10 za kila aina. Hizi haziadhibu mtu, hazirukishi zamu, hazigeuzi mchezo, haziulizi swali. Anayejifunza huziondoa mapema ili abaki na zenye makali. Fundi huzitunza. Katika kutazama kadi ikichezwa Nakuru sijaona jambo linalowatenganisha watu wa namna hizo mbili upesi kuliko hilo.

Mahali pa kadi ni popote watu wanapongoja. Huchezwa kwenye stage za boda boda za Free Area mchana abiria wanapoadimika, kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro stima zinapopotea, na kwenye vibanda vya mitumba mjini mvua ya Aprili inaposhuka kutoka Menengai na kuwafukuza wanunuzi. Meza ni kreti ya soda iliyopinduliwa, juu yake kipande cha katoni. Kinachoshindaniwa mara nyingi ni jina tu: aliyeshindwa huchanganya karata za raundi inayofuata, na siku nyingine hulipia chai. Mtu asiichanganye kadi na pata potea, ule ulaghai wa karata tatu wa kwenye vituo vya magari, ambapo mwenye meza na "washindi" wanaomzunguka ni kundi moja. Pata potea huishi kwa wewe kutoona. Kadi inakuachia uone karibu kila kitu, halafu inakudai ukumbuke.

Sheria za msingi hufundishika kabla chai haijapoa. Kila mchezaji hugawiwa karata nne, meza nyingine tatu. Zilizobaki huwekwa katikati zikiwa zimefunikwa, na ya juu hufunuliwa ili kuanzisha. Lazima iwe mojawapo ya zile 24. Ikitokea nyingine, hurudishwa ndani na kufunuliwa tena. Zamu yako ikifika unatupa karata inayolingana na iliyo juu kwa aina au kwa nambari. Juu ya 9 ya kopa utaweka kopa yoyote au 9 yoyote. Ukikosa, unaokota moja na zamu inapita. Za nambari moja huweza kushuka pamoja: ukishaweka 9 halali, unaweza kuifuatisha na 9 nyingine zote ulizo nazo.

Aina ni nne. Kopa na uru ni nyekundu, shupaza na pau ni nyeusi. Hayo ni majina ambayo pwani iliyapata kwa Wareno, nami nitayatumia hapa, ingawa wengi wa bara huziita pau maua na hakuna anayepotea njia.

Sasa zenye cheo. Karata ya 2 humwokotesha anayefuata karata mbili, 3 humwokotesha tatu, jokeri tano. J humrukisha mtu zamu yake. K hugeuza mchezo urudi ulikotoka. A huagiza aina unayoitaka, na tena huzima adhabu: ukitupiwa 2 ukaweka A juu yake, umepona. 8 na Q ni maswali. Ukitupa swali, unapaswa kulijibu mwenyewe papo hapo kwa karata ya aina hiyo hiyo, au ulifuatishe na swali jingine linalolingana nalo kisha ndipo ujibu. Ukikosa jibu, okota. Na ukiona kwamba zamu ijayo unaweza kumaliza, unatangaza: "Niko kadi." Usipotangaza, hata karata zako zikubali namna gani, hutamaliza.

Kadi ina ndugu wengi duniani. Waganda wana wao, wanauita matatu. Mwaka 1971 kinyozi wa Ohio, Merle Robbins, alibuni Uno, ambayo leo huuzwa ikiwa na karata zake za pekee. Kwenye Uno unapiga kelele ukibakiwa na karata moja. "Niko kadi" ni ahadi ya namna nyingine: inasema kwamba vyote vilivyo mkononi, viwe vingapi, vinaweza kushuka kwa zamu moja. Anayesikia hajui ni karata moja au saba zinazokuja.

Tuseme mtu ameshika Q ya kopa, 8 ya kopa, 8 ya pau, 6 ya pau na 6 ya shupaza. Mgeni ataona mtu aliyelemewa. Lakini meza ikiwa kopa, mkono huo wote unateremka. Q ya kopa inauliza. 8 ya kopa inauliza juu ya swali, kwa kuwa nayo ni kopa. 8 ya pau inaifuata kwa nambari, na swali limehamia pau. 6 ya pau inajibu, 6 ya shupaza inaifuata. Karata tano zimeshuka moja baada ya nyingine, na kila moja hutua kwa kishindo ili majirani wasikie. Hakuna kijana wa stage asiyependa kumaliza namna hii.

Sasa tazama udhaifu wake. Mkono huo una mlango mmoja. Meza ikiwa pau, ukianza na 8 ya pau, kisha 8 ya kopa, kisha Q, umebaki na swali la kopa na kopa ya kujibu huna. Meza ikiwa shupaza, zile 6 mbili zinashuka na maswali yanabaki mkononi bila jibu. Meza ikiwa uru, huingii kabisa. Mwenye A akisikia umetangaza, ataagiza chochote kisichokuwa kopa, na fahari yako yote itaanza kuokota.

Linganisha na mkono wa 5 ya kopa, 5 ya uru na 5 ya pau. Hauna swali wala adhabu, na hakuna atakayekusimulia baadaye kwamba aliuona. Lakini unashuka meza ikiwa kopa, ikiwa uru, ikiwa pau, na hata ikiwa shupaza mradi iliyo juu ni 5. Mwenye A akitaka kukuzuia amebakiwa na agizo moja tu, shupaza, na hajui kuwa ndilo. Mkono wa kwanza unasubiri bahati ije ulipo. Wa pili umeshajipanga kuipokea ikitokea karibu upande wowote.

Mchezaji bora niliyepata kumtazama ni mama mmoja muuza mitumba. Hucheza akiwa ameketi juu ya robota la nguo, macho yake nusu mezani nusu barabarani, maana mteja akitokea mchezo husimama bila mjadala. Karata zake huzitazama mara moja tu anapogawiwa. Huzipanga kwa kidole gumba, huzifunga, na baada ya hapo huzishika kwa mkono wa kushoto zikiangalia chini. Kila anayotupa huitoa ukingo wa kulia, kwa sababu ameshaamua zitoke kwa utaratibu gani. Vijana wanaocheza naye huzitandaza mbele ya uso na kuchomoa katikati, na kila uchomoaji ni habari. Watu wengi hupanga nyekundu upande mmoja na nyeusi upande mwingine. Mtu akitupa kopa kutoka ukingo wa kushoto kabisa, kisha vidole vikarudi kusitasita upande huo huo, umejua kwamba nyekundu bado anazo. Kwa mama huyu hakuna cha kusoma.

Siku moja kijana wa boda boda alimwangushia jokeri kwa nguvu hadi kreti ikayumba.

"Mama, okota tano!"

"Asante, mwanangu. Nilikuwa na njaa."

Aliziokota moja moja, bila haraka, na kila moja akaichomeka mahali pake. Watu walicheka wakidhani ni maneno ya kujifariji. Haikuwa hivyo. Kati ya karata 54, zile 24 za kumalizia ni nne katika kila tisa. Kwa hiyo karata tano za adhabu huleta kwa wastani mbili zinazoweza kufunga mchezo, na zaidi kidogo. Jokeri humpa adui muda wa kulalamika, lakini pia humpa vifaa. Ndiyo maana mama huyu haitumii jokeri ovyo. Huitunza hadi mtu aseme yuko kadi, kwa kuwa hapo adhabu inavunja mpango uliokwisha kukamilika. Kumtupia mtu asiye na mpango ni kumlisha bure.

Kwa karata ya J ana falsafa yake. Kijana alimuuliza mbona ameitupa mapema ilhali ingemsaidia mbele. Akamjibu: "Hii ni ya kutembea, si ya kufikia."

Kitu kingine anachokifanya ni kuhesabu, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Hudhani fundi anakumbuka karata zote zilizotupwa. Yeye hufuatilia A tu. Ziko nne. Kila inaposhuka moja, anajua kwamba uwezo wa meza wa kumzuia umepungua. Zikiisha zote nne hakuna awezaye kuagiza aina, na hakuna awezaye kuzima adhabu kwa A. Kuanzia hapo, jokeri aliyoitunza na zile 5 tatu zina thamani ambayo hazikuwa nayo dakika moja nyuma. Rundo la kuokota likiisha, zilizotupwa huchanganywa upya, ya juu tu ikiachwa mezani, na hesabu yake inaanza mwanzo. Kuhesabu vitu vinne inawezekana hata ukiwa unapatana bei ya sweta. Kuhesabu 54 haiwezekani, na anayejaribu husahau hata zile nne.

Kuchanganya nako kuna elimu yake. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walichapisha hesabu iliyopata sifa kubwa: ukiigawa pakiti ya karata 52 mafungu mawili na kuyaingiza ncha kwa ncha, mara saba zinatosha kuivuruga ipasavyo. Lakini vibandani wengi huchanganya kwa kudondosha vifungu vidogo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na namna hiyo huhitaji marudio maelfu ili ifikie kiwango kile kile. Katika kadi kosa hili lina uzito wa pekee, kwa sababu karata hutupwa kwa ukoo: 10 juu ya 10, kopa juu ya kopa. Mchanganyaji mvivu anazirudisha mchezoni zikiwa bado zimeshikana. Mwenye macho anayekumbuka kwamba raundi iliyopita ilifungwa kwa 10 tatu, akiokota moja, anajua ndugu zake hawako mbali. Mama wa mitumba hakubali. Humtaka aliyeshindwa azimwage zote kwenye katoni kifudifudi na kuzivuruga kwa viganja viwili kabla ya kuzikusanya. Wagawaji wa kasino nao hufanya hivyo hivyo wakifungua pakiti mpya.

Kasino inatuleta kwenye mchezo ambao vijana wengi wa mjini sasa hujifunzia kwenye simu: ishirini na moja, ambao Wamarekani huuita blackjack. Sheria zake ni chache kuliko za kadi. Unashindana na mgawaji peke yake. Karata za 2 hadi 10 zina thamani ya nambari zao. J, Q na K zote ni kumi. A ni moja au kumi na moja, vyovyote ikufaavyo. Unapewa mbili na unaweza kuomba zaidi, ukitafuta kuikaribia 21 bila kuipita. Ukiipita umeshindwa hapo hapo. Mgawaji hucheza baada yako, naye hana hiari: akiwa na 16 au chini lazima aongeze, akifika 17 kwa kawaida husimama. Hawezi kuogopa, hawezi kukutega, hawezi kukuonea huruma.

Kwa kuwa mgawaji amefungwa mikono, mchezo huo hukokotoleka. Mwaka 1956 watu wanne waliokuwa katika jeshi la Marekani, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walichapisha namna bora ya kuucheza, baada ya kuikokotoa kwa mashine za mezani za kujumlisha. Hesabu yenyewe huanza kwa mambo mepesi. Ukiwa na 16 ambayo A haimo, karata yoyote kuanzia 6 hadi K itakuangusha. Hizo ni daraja nane kati ya 13, karibu asilimia 62. Na hata ukijua hayo yote, faida ya mwenye meza ipo palepale, kwani wewe hucheza kwanza. Mkiipita 21 nyote wawili, pesa zako zilishachukuliwa kabla mgawaji hajagusa karata. Anayefuata mbinu bora bila kuhesabu karata hupoteza polepole. Asiyeifuata hupoteza haraka. Anayejifunza mchezo huu kwa pesa aanze na somo hilo.

Miaka michache baadaye Edward Thorp, mwanahisabati, alitumia kompyuta ya IBM 704 na mwaka 1962 akatoa kitabu kilichozitia kasino hofu. Alitaka kujua ni karata ipi ikitoka pakitini humsaidia mchezaji zaidi. Mtu angekisia A, au K. Ilikuwa 5. Sababu yake ni ya wazi ukiitazama kwa utulivu: mgawaji aliyelazimishwa kuongeza akiwa na 12, 13, 14, 15 au 16, akipata 5 anatua salama kila mara, kati ya 17 na 21. Karata ambayo hakuna anayeipa jina ndiyo humwokoa. 5 zikiisha pakitini, mwenye meza ameishiwa na mwokozi wake. Mbinu ya mwanzo aliyoieleza Thorp ilikuwa ya kuzihesabu 5, nne tu kwa kila pakiti, na nadhani yule mama angemwelewa bila mkalimani.

Wakazi wa Bonde la Ufa walijua zamani kwamba mchezo hauhitaji wafalme. Kama kilomita nne kutoka katikati ya jiji la Nakuru, kando ya barabara ya Nairobi, kiko kilima cha Hyrax Hill, kilima cha pimbi. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938 na kukuta masalia ya makazi na makaburi ya watu wa vipindi mbalimbali. Mwaka 1943 kilima kikatangazwa kuwa turathi ya taifa, na tangu 1965 kina jumba la makumbusho katika nyumba iliyokuwa ya mkulima. Kwenye miamba yake yamechongwa mashimo ya bao, yamepangwa kwa safu. Mtu aliyekaa pale akitoboa jiwe gumu shimo baada ya shimo alikuwa na muda, na alikuwa na mpinzani wa kumngoja. Michezo ya ukoo huo bado iko hai: Waluo wana ajua, Wagikuyu wana giuthi, Wamaasai wana enkeshui, na pwani wana bao lenye safu nne na kete 64. Katika yote hiyo kete ni kete. Hakuna iliyo kubwa kuliko nyingine. Nguvu yake hutoka kwenye shimo ilimo, na kwenye idadi ya wenzake iliowakuta humo.

Kadi ilikuja na picha za wafalme na malkia, lakini mtu akiicheza kwa makini huishia kufikiri kama mcheza bao. Huacha kuuliza karata hii ina nguvu gani, huuliza iko na nani na inafungua wapi. 5 moja ni kitu kidogo. 5 tatu zilizokusanywa kwa subira, huku ukikubali kuokota na kuchekwa, hazizuiliki kwa urahisi.

Anayetaka kujifunza atafute wazee wa meza na akubaliane nao sheria kabla ya kugawa, kwani kila stage ina zake. Je, A huzima jokeri au 2 na 3 peke yake? Ukitupiwa 2, unaruhusiwa kuisukuma mbele kwa 2 nyingine? J huzuiwa na J? Ugomvi mwingi wa kadi ni wa mambo haya matatu, na wote ungemalizika kwa sentensi tatu za mwanzo. Asiingize pesa mpaka atakapojua anacheza na nani, na akishajua huenda akaona kwamba pesa hazihitajiki.

Na akipata nafasi, aige namna mama wa mitumba anavyomfundisha mjukuu wake. Hamwanzishii pakiti nzima. Huzitoa zile 30 na kuziweka mfukoni mwa aproni, wanacheza na 24 tu, aina kwa aina, nambari kwa nambari, hadi mtoto azoee kuzikusanya za kufanana na kuutazama mkono wake wote kabla ya kutupa moja. Baadaye huongeza maswali. J, K na A hufuata. Adhabu huja mwisho, jokeri zikiwa za mwisho kabisa. Mtoto aliyefundishwa hivyo, siku anapopewa jokeri mara ya kwanza, huigeuza mkononi na kuuliza ataimalizia wapi.